Gari la Kazi Linatufuata

Gari la kazi nimelikodi; linajiendesha lenyewe, lakini sheria inataka lisikae mbali na dereva wake. Kwa hiyo Jumapili nikimpeleka binti yangu Tunu kwa bibi yake kule Mlandizi kwa kigari changu mwenyewe, lile linatufuata nyuma, tupu, taa zinawaka.

"Mama, si ulisema leo tunashinda wote?"

"Ndiyo. Usiliangalie."

Tulipofika getini kwa bibi likatupita, likasimama mbele yetu na kufungua mlango.

"Mama Tunu, abiria anasubiri," likasema.

Nilikuwa nimechoka. Nikashika usukani, nikaapa leo siteremki, hata wakinifungia leseni.

Tunu hakulia. Alikuwa ameshanifungulia mkanda.

"Nenda tu, Mama. Bibi nitamwambia ulifika."