Bado Inazunguka

Picha ya matangazo ya moja kwa moja iliganda wakati waokoaji wakimtoa mtu mgodini. Kwenye simu kikabaki kiduara kinachozunguka, na nyuma yake machela yenye jozi ya buti. Buti za wachimbaji zote zinafanana.

"Mwanangu, hebu iguseguse," alisema mama mkwe. "Wewe si ndiye fundi wetu?"

Ufundi wenyewe alifundishwa na mumewe kabla hajarudi mgodini: ikiganda, shusha ubora wa picha, kisha pakia upya. Alishusha. Hakusikia woga wala chochote.

Kidole kilikuwa kimefika kwenye kitufe cha kupakia upya, kelele za matangazo hayohayo ng'ambo ya ukuta zikakatika. Majirani wana dishi, na dishi huutangulia mtandao. Kila goli hulishangilia wao kwanza, lake likija limepoa. Leo walikuwa wameizima runinga.

Viatu vikasikika vikija kutoka kwa majirani hadi mlangoni, polepole, vikasimama. Hakuna aliyepiga hodi.

"Imekubali?" mama mkwe aliuliza.

"Bado inazunguka, mama," alisema, akakikunja kidole bila kubonyeza.