Pilipili na Watoto wa Samawati

Katika tangi moja la kioo waliishi samaki wa mapambo, wale wadogo wasiotaga mayai bali huzaa watoto wanaoogelea papo hapo. Mjane Zinduna, aliyefiwa na mume wa rangi ya samawati, aliolewa na Pilipili, mwekundu kuliko wote na mwenye majigambo kuliko wote.

Haukupita muda Zinduna akajifungua watoto wengi, bado hawana rangi.

"Hao wangu!" Pilipili akatamba. "Wakikua, tangi zima litawaka!"

Akawaficha kwenye majani na kuwalinda. Kila Kambare, mlafi wa tangi hilo, alipokuja na njaa yake, Pilipili alimng'ata masharubu mpaka akarudi alikotoka. Mkia wake mzuri ukachanika, asijali.

Watoto wakakua, rangi zikatoka. Wote samawati!

Kambare akacheka mpaka mapovu yakamtoka. "Kumbe unalinda watoto wa marehemu!"

"Mke wangu, nini hiki?" Pilipili akauliza.

"Marehemu aliniachia akiba ya mbegu tumboni," Zinduna akajibu. "Ndivyo tulivyoumbwa. Wewe uliuliza? Ulikuwa ukitamba tu."

Pilipili akajitenga pembeni, amenuna. Kambare akaona nafasi, akajipenyeza majanini.

"Baba!" watoto wakapiga kelele.

Kabla hawajaita mara ya pili, Pilipili alikwisha fika, na sharubu moja la Kambare likabaki mdomoni mwake.

"Sasa hawa ni wa nani?" Kambare akalalamika kwa maumivu.

Pilipili akalitema lile sharubu. "Kitanda hakizai haramu, bwana. Lete na la pili."