Mpira wa Pumzi

Asubuhi wanafunzi wale wageni walijitolea hospitalini, mchana wakatembezwa mjini. Siku hiyo walikuwa wakienda kuona maporomoko, na gari lilishaanza kupiga honi.

Sekela, mmoja wao, hakutoka wodini. Mkononi alikuwa na mpira wa kumsukumia mtoto mchanga hewa, anaubana, anauachia, anaubana tena. Mashine ya kupumulia ilikuwa mbovu. Mama wa mtoto alikuwa ameubana mpira huo usiku kucha, na Sekela alipompokea, mama akalala palepale sakafuni kama gogo. Muuguzi alikuwa amewaambia mapema, "Anayeushika hauachi mpaka mwingine aushike."

Ambele, mwanafunzi mwenzake, alichungulia mlangoni, kamera shingoni.

"We Sekela, gari zima linakungoja wewe! Au umeshaajiriwa hapa?"

"Njoo unipokee, basi."

"Mimi? Nikimuua je?" Akarudi nyuma, akapotea.

Honi ikalia kwa hasira. Mama akazinduka, akaketi. Alishika unyayo wa mwanawe, uliokuwa wa baridi, akakaa nao kiganjani. Mkono ukapanda taratibu hadi gotini, hadi kifuani, ukatulia hapo muda mrefu, ukitafuta mapigo ya moyo. Hakulia. Alimtazama msichana yule aliyelowa jasho, kisha akaweka mkono juu ya mkono wake.

"Inatosha, mwanangu. Nenda, wasije wakakuacha."

"Sijachoka, mama," alisema Sekela, na vidole vyake vikabana tena.