Mfungo wa Muyinga

Josephat aliinuka katikati ya maombi, akatoka nje. Letisia, mkewe, alimfuata kwa macho mpaka mlangoni.

Ilikuwa siku ya pili ya mfungo, hakuna chakula wala maji. Maana yake siku mbili bila uji wa mtama, na ndani ya uji huo ndimo Letisia alimokuwa akimtilia mumewe kwa siri dawa ya ugonjwa wa akili, ameisaga ikawa unga laini.

Angemwambia nani? Mwaka jana ni yeye mwenyewe aliyesimama kanisani kwao Itaba, akashuhudia kwamba maombi yamemponya Josephat na vidonge vimetupwa chooni. Vigelegele vilipigwa mpaka watu wakalia. Wiki haikuisha, hofu ikamrudia Letisia, akaenda kimyakimya mjini Gitega kuomba vingine. Sasa sifa za muujiza zilikuwa zimefika hadi Muyinga. Walialikwa huko kufunga na wenzao, na kesho Josephat angetoa ushuhuda.

Kusema kweli Josephat alikuwa ametulia. Alilima, na kila mwezi alipeleka maharagwe sokoni Mutoyi, akarudi anacheka na mwanawe. Ila alikuwa akilala fofofo hata mchana, na mikono ilimtetemeka mpaka chai ikamwagika. Letisia aliamini ugonjwa bado unamnyemelea.

Alitoka mbio kumfuata. Mara ya mwisho Josephat alipoinuka namna hii alirudi na panga, akimwita mtoto wao Elikana shetani. Na leo Elikana alikuwa huko nje, akicheza na watoto wa wenyeji.

Uani hapakuwa na mtoto hata mmoja. Alimwona mumewe tu, nyuma ya migomba, amempa mgongo, ameinamia kitu. Alifungua fundo la kitenge chake, akakishika kikaratasi cha unga wa dawa alichokuja nacho, ingawa hakujua angemnyweshaje mtu aliyefunga.

"Baba Elikana," alisema taratibu. "Mtoto yuko wapi?"

"Wamekwenda kutazama mbuzi wa mchungaji." Josephat hakugeuka. "Rudi ndani, mama Elikana. Nakuja."

"Umeshika nini?"

Letisia alikwisha kuvuta pumzi apige yowe, Josephat akageuka. Alifumbua kiganja, na ndani yake kilikuwamo kidonge cheupe, sawa kabisa na vile ambavyo Letisia alivisaga kila asubuhi.

"Nisamehe," alisema. "Muuguzi wa Mutoyi hunipa kila mwezi. Tangu siku ile ya ushuhuda sijaacha kumeza hata mara moja. Uliwaambia watu wote nimepona, ningekuaibishaje?"

Letisia aliitazama mikono ya mumewe inavyotetemeka kwa dozi mbili za kila siku, na kile kikaratasi cha unga kikamponyoka.