Silinda ya Ishirini na Nane

“Kanyaga! … Shikilia! … Achia!”

Mama Pacha akakanyaga, akashikilia, akaachia. Ilikuwa Jumamosi ya tatu anakaa kwenye kiti cha dereva, na hii ndiyo namna pekee aliyowahi kukaribishwa hapo: gari liko juu ya mawe, halina magurudumu, na mumewe amelala chini yake anatoa upepo kwenye breki.

Leseni alikuwa nayo, mwaka wa nne sasa. Ilikaa kwenye droo ya cherehani pamoja na vifungo. Gari lenyewe lilitokana na cherehani hiyo hiyo, ile ya kukanyaga kwa mguu, iliyoshona sare za watoto wa mtaa mzima kwa miaka kumi na tano. Lakini ufunguo ulining’inia shingoni mwa Baba Pacha, kama medali ya mbio ambazo hakuna aliyemwona akikimbia.

“Gari si cherehani, mke wangu,” alipenda kusema. “Gari linataka mwanamume.”

Mwanamume huyo, ambaye mtaani walimwita Rubani, alikuwa ametazama video tatu kwenye simu akahitimu uhandisi. Akang’oa breki za mbele ambazo hazikuwa na kosa lolote, akafunga kalipa nyekundu za gari la mashindano, koleo za kubana breki, kila moja na pistoni nne. Zilipendeza mno. Majirani walikuja kuzitazama kama wanavyokwenda kumwona mtoto mchanga. Kulikuwa na tatizo dogo tu: pedali ilizama mpaka sakafuni, na gari lilisimama pale lilipojisikia.

Shingo upande, Rubani akamwita fundi wa gereji ya jirani. Fundi akainama, akachungulia, akacheka kwa pua.

“Kaka, umeongeza midomo, kijiko umeacha kile kile. Hii masta silinda yako ndogo haisukumi mafuta ya kutosha pistoni zote hizo. Tafuta ya milimita ishirini na mbili.”

“Kwa nini nisiweke kubwa kabisa?”

“Ukizidisha, pedali inakuwa jiwe. Silinda ikinenepa, mguu ndio unaolipa. Na wewe, usinichukie, una miguu ya korongo.”

Majirani wakacheka. Rubani akaitazama miguu yake kana kwamba ndiyo kwanza anatambulishwa kwayo.

Fundi akaandika “22” kwenye kipande cha karatasi. Rubani hakuwa na nafasi ya kwenda dukani, maana alikuwa anazipiga picha kalipa zake. Akamtuma mkewe.

Mama Pacha akarudi na kikapu chake begani na boksi mkononi.

“Ishirini na mbili zimeisha, Baba Pacha. Wamebaki na za ishirini na nane tu. Nirudishe?”

Macho ya Rubani yakawaka. “Urudishe nini? Kubwa ni kubwa! Yule fundi mwoga tu.”

“Lakini fundi kasema…”

“Fundi kasema! Kwani umeolewa na fundi?”

Mama Pacha akakipeleka kikapu chake ndani, mke mwema. Akaingia kwenye kiti. Kanyaga, shikilia, achia.

Kesho yake ilikuwa harusi ya mdogo wake, ng’ambo ya mji, na magauni sita ya wasimamizi yalikuwa yanangoja kupelekwa. Alitamani kuyapeleka mwenyewe, kwa mkono wake kwenye usukani, dada zake wote wakiona.

“Utakaa nyuma uyashike yasikunjamane,” Rubani akaamua.

“Na breki zikikushinda?”

Rubani akageukia majirani ili wasikose utamu. “Zinishinde mimi? Zikinishinda, ufunguo huu hapa, chukua uendeshe wewe!”

Mtaa mzima ukasikia. Mtaa huo hausahau.

Magurudumu yaliporudishwa, fundi akachora mstari wa chaki kwenye ua wa gereji ili breki zijaribiwe, na nyuma yake akapanga rundo la matairi mabovu. Rubani akaja pole pole, kiwiko dirishani, simu zote zikimrekodi. Akakanyaga. Gari likaendelea na safari yake bila haraka, kama mgeni aliyekwisha kuaga, likavuka mstari, likakumbatia matairi.

“Utelezi,” akasema Rubani. Saruji ilikuwa kavu kama kisigino.

Mara ya pili akakanyaga kwa miguu miwili, makalio juu ya kiti, mishipa ya shingo kama kamba za kuanikia nguo. Matairi yakampokea tena.

“Rubani,” jirani mmoja akauliza, “uwanja wa ndege umehamishwa?”

“Ahadi ni deni!” akadakia mwingine. “Mpe mama ufunguo!”

Mama Pacha akavua viatu. Akarudi nyuma na gari, akaja kwa mwendo ule ule, akakanyaga mara moja. Kalipa nyekundu ziling’ata kwa mara ya kwanza tangu zizaliwe. Fundi akachuchumaa kupima: kati ya tairi na chaki kidole hakikupita.

“Shemeji,” akasema, “huo mguu umeutoa wapi?”

Vigelegele vikameza jibu.

Walikwenda harusini. Rubani alikaa nyuma na magauni sita mapajani, akimweleza kila aliyewapungia mkono kwamba, kitaalamu, silinda kubwa huhitaji dereva maalumu. Mama Pacha hakumbishia. Dada zake walilizunguka gari, wakamshusha kama waziri, wakamsahau abiria.

Jioni, nyumbani, akavuta droo ya cherehani. Akasogeza kidogo boksi jingine la dukani, ambalo halijafunguliwa bado, lenye namba 22 ubavuni, ili ufunguo upate pa kulala.