Kipanga Mpya

Kitambaa kilipovutwa, hakuna aliyepiga makofi. Waendesha pikipiki walijazana dukani, kofia ngumu kwapani, wakaitazama Kipanga mpya, toleo jipya la pikipiki waliyoizoea, kama wakwe walioletewa bibi harusi siye.

Muuzaji alilitegemea hilo. Alichokiogopa ni mdomo wa mtu mmoja tu: kaka yake mkubwa, mwenyekiti wa chama chao, ambaye wote walimwita Kamanda. Kamanda alikuwa na Kipanga ya zamani, injini nje, haina bodi wala mapambo, tangu muuzaji yuko kwenye kaptula za shule. Akisema pikipiki ni mbovu, basi ni mbovu. Walishamzika mwenzao aliyesahau kukunja stendi ya pembeni; kwenye kona ya kushoto chuma kiligonga lami, kikamrusha. Tangu msiba ule Kamanda huwatanguliza wote, akamkagua kila mmoja kabla hajaondoka, kisha yeye akafuata wa mwisho. Walimpenda kwa hilo kuliko walivyowapenda baba zao.

Wiki iliyopita shemeji, mke wa Kamanda, alikuwa amempigia muuzaji simu.

"Shemeji, fanya ufanyavyo, kaka yako aondoke na hiyo mpya. Ile ya zamani sitaki kuiona tena hapa kwangu."

Alipomuuliza imemkosea nini, shemeji alisema haraka kwamba ni moshi. Muuzaji akacheka moyoni: wanawake na mapazia yao. Lakini aliahidi, na aliitaka siku hii kuliko shemeji alivyoitaka. Tangu afungue duka la pikipiki mpya, kaka yake hakuwa amekanyaga nyumbani kwake. Leo angalau amekuja.

Maneno yakaanza. Kinyozi alisema tangi limevimba kama shavu lenye jino bovu. Mwalimu wa hesabu aliitazama taa ya mbele, iliyokuwa duara miaka yote, akasema sasa ina sura ya mtu aliyeamshwa usingizini. Mwingine aliguna tu, akaipa mgongo. Muuzaji alijaribu kueleza mambo ya usalama yaliyoongezwa, wakamzomea. Hawakuja kutafuta yaya, walisema, na asipoteze muda wao.

Kamanda aliizunguka pikipiki polepole, akipapasa chini ya tangi.

"Hata ufunguo wameuhamisha," alisema.

Ufunguo ulikuwa palepale ulipokuwa siku zote, katikati ya usukani. Duka zima likaangua kicheko. Huyo ndiye Kamanda wao, kwa kejeli hana mpinzani. Kisha akaitazama taa, akasema ina sura ya mtu aliyeamshwa usingizini. Wakacheka tena, ingawa safari hii mwalimu wa hesabu alichelewa kidogo.

"Panda basi, kaka," muuzaji alisema. "Zunguka nayo mtaa mmoja tu. Ukirudi hujaipenda, sitakusumbua tena maishani."

Kamanda akapanda. Injini ikawaka kwa mngurumo mzito, ule ule wa zamani, na muuzaji akauona uso wa kaka yake ukilegea, amebakiza kidogo tu atabasamu. Kamanda akabana klachi, akaingiza gia.

Injini ikazima.

Akawasha tena, akaingiza gia, ikazima tena. Mtu wa nyuma akapiga mluzi. Muuzaji akafungua kiti, akagusa nyaya za betri, akatazama fyuzi, akatikisa tangi asikie kama mafuta yamo. Yalikuwamo. Asubuhi hiyo alikuwa ameiendesha mwenyewe na ilikwenda shwari. Akamwomba kaka yake ajaribu mara moja tu zaidi, na sauti yake ilitoka kama ya mtu anayeomba msamaha. Ikazima.

Kamanda akashuka, akaiachia palepale iliposimama, akajipangusa mikono kwenye suruali.

"Baba angekuwepo angekukana," alimwambia mdogo wake mbele ya wote. "Unawauzia watu maiti."

Hapo ndipo makofi yalipopigwa.

Walitoka wakicheka, wakimpigapiga Kamanda mgongoni. Hakuna aliyemuaga mwenye duka. Nje injini za zamani ziliwaka moja baada ya nyingine, na sauti ya Kamanda ikasikika akimkumbusha kila mmoja: "Stendi! Wewe, stendi!" Pikipiki zikaondoka kwa zamu, kelele zikapungua, hadi ikabaki moja tu inayonguruma.

Muuzaji alibaki amepiga magoti kando ya Kipanga mpya, masikio yanawaka kwa aibu. Alimchukia kaka yake wakati ule, alimchukia kweli. Akaanza kutafuta kosa upya: plagi, waya wa klachi, swichi. Akashuka hadi chini kabisa.

Stendi ya pembeni ilikuwa imekita sakafuni. Kaka yake alishuka bila hata kuigusa kwa mguu, na bado pikipiki haikuanguka. Hakuwa ameikunja tangu alipopanda. Na hilo ndilo jambo walilomzomea asilieleze: Kipanga mpya ukiingiza gia stendi ikiwa chini, inajizima yenyewe.

Ufunguo, mzaha uliorudiwa, sasa stendi: akamwelewa shemeji yake, haukuwa moshi.

Alitoka mbio akiita jina ambalo watu wote walikuwa wamelisahau, jina la utotoni la kaka yake. Barabara mbele ya duka ilikuwa tupu. Wengine wote walikuwa wameshatangulia, na nyuma ya Kamanda hapakuwa na wa kumkagua. Kule mbele alikuwa anainamia kona ya kushoto, na chini ya pikipiki cheche zilikuwa zimeanza kuruka.