Mlango wa Kura

Tangu ugonjwa wa kikohozi uingie miezi saba iliyopita, milango ya jimbo letu hujifunga yenyewe. Hufunguka siku ya uchaguzi tu, kwa muda wa saa moja. Basi gavana, alipoona bado anapendwa, akaitisha uchaguzi miaka miwili kabla ya wakati. Eti tutamshukuru!

Mlango ulipofunguka, mtaa mzima ulikipita kituo cha kura mbio. Nilikimbilia kwa mama, nikaanza kumsuka.

"Umepiga kura, Tunu?"

"Kura gani, mama! Hebu inamisha kichwa."

Nilimsuka nusu kichwa, muda ukaisha, nikarudi kwangu mbio.

Gavana aliambulia kura kumi na moja. Amekasirika, uchaguzi unarudiwa Jumapili. Ningemalizia nusu iliyobaki, lakini kwenye simu namsikia mama anakohoa, na kwa miezi saba hakuna aliyemgusa ila mimi.